Hii namba 2,147,483,647 ina nini? Wajuzi wa hesabu na programu njooni hapa

#1 Kipeuo (mleta uzi)

Wakuu heshima kwenu.

Nina kisa kifupi halafu hesabu ndefu. Mwenye haraka apite kimya kimya.

Niliwahi kupewa kazi na SACCOS moja, jina naliweka kapuni, niwatengenezee programu ya kutunza taarifa za wanachama na kuwatumia meseji za marejesho. Mwanzoni namba za simu niliziingiza kwa mtindo wa 07. Kanzidata ikawa inameza ile sifuri ya mbele, nikajisemea nitarekebisha baadaye. Walioniuzia huduma ya meseji wakataka kila namba ianze na 255. Nikaandika mistari miwili ya kubadilisha zote kwa mpigo, nikafunga kompyuta, nikaenda zangu kuangalia mpira.

Kesho yake asubuhi simu inaita. Ni mama mtunza hazina.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, hivi hawa wanachama wangu wote wamenunua laini moja?"

Nafungua jedwali, naona hivi:

2147483647
2147483647
2147483647
2147483647

Mpaka chini. Watu mia tatu na ushee, namba moja. Na namba zao halisi ndiyo nimeshazifuta kwa mikono yangu mwenyewe. Nakala ya akiba? Msiniulize. Wikendi nzima nilikaa na madaftari ya mama nikiingiza upya moja moja.

Kosa nilishalijua: safu ya simu niliiweka iwe namba ya biti 32 badala ya maandishi. Simu inayoanza na 255 ina tarakimu 12, yaani ni zaidi ya bilioni 255, haiwezi kuingia humo. Kanzidata yenyewe ilikuwa toleo la kizamani, haikulalamika. Ilichofanya ni kukata kila kilichozidi na kukishusha kwenye kikomo chake.

Sasa swali langu siyo la kanzidata. Baada ya hapo nimekuwa nakutana na hii namba kila kona: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne na elfu themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Nimejaribu kuigawanya kwa 3, 7, 11, 13, imegoma. Ni namba ya kawaida tu au ina jambo lake?

#2 Nyanya Chungu

Nimekaa mkao wa kula.

#3 Bit Moja

Mkuu pole na wikendi. Sehemu ya kompyuta ni nyepesi, ngoja niitoe njiani kabla wenye hesabu zao hawajafika.

Biti 32 ni kama swichi 32 za taa, kila moja imewashwa (1) au imezimwa (0). Swichi moja inatengwa kuonyesha kama namba ni chanya au hasi. Zinabaki 31. Ukiziwasha zote 31 unapata 1 + 2 + 4 + 8 na kuendelea mpaka 2 kwa kipeo cha 30. Jumla ni 2^31 kutoa 1, nayo ndiyo hiyo namba yako. Kwa lugha ya mashine ni tarakimu 1 zilizopangwa 31 mfululizo, hakuna sifuri hata moja.

Ukiongeza 1 hapo swichi zote zinazima, ile ya alama inawaka, unajikuta kwenye -2,147,483,648. Wewe una bahati kanzidata yako ilikata tu. Ingezunguka, ungekuwa na wanachama wenye simu hasi.

Kingine, Desemba 2014 kikomo hiki kilizungumzwa dunia nzima baada ya video ya yule Mkorea PSY kupita watazamaji 2,147,483,647. YouTube walieleza kwamba walikuwa hawajawahi kuwaza video itafika huko, wakahamia biti 64. Kikomo cha huko ni 9,223,372,036,854,775,807.

#4 Bodaboda wa Mbagala

Kwa hiyo ni namba ya mashine basi. Hakuna cha maajabu hapo. Watu wana muda.

#5 Mwalimu wa Zamu

Hapana ndugu yangu Bodaboda, usifunge mjadala mapema. Hii namba ilikuwa na jina lake kabla mashine yoyote ya umeme haijazaliwa.

2,147,483,647 ni namba tasa. Haigawanyiki kwa chochote isipokuwa 1 na yenyewe. Kipeuo, ndiyo maana ilikugomea, na ungeendelea mpaka uzeeni ingekugomea.

Aliyelithibitisha hilo ni Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg, Urusi. Mwaka 1772 alimweleza mwanahesabu mwenzake, Bernoulli, kwa barua. Wakati huo Euler alikuwa karibu kipofu kabisa, na hesabu zake nyingi za miaka hiyo alizifanya kichwani huku wengine wakimwandikia. Kwa zaidi ya miaka 80 haikujulikana namba tasa nyingine kubwa kuliko hii.

#6 Jirani wa Kilifi

Aisee mwalimu, mbona iwe jambo kubwa hivyo? Sisi tulifunzwa kwamba 2 kipeo nambari tasa, toa 1, lazima upate nambari tasa. 2^2 toa 1 ni 3. 2^3 toa 1 ni 7. 2^5 toa 1 ni 31. 2^7 toa 1 ni 127. 31 ni tasa, kwa hivyo jibu lilikuwa wazi tangu mwanzo.

#7 Mwalimu wa Zamu

Jirani, hapo ndipo walipojikwaa wengi, na wengine walikuwa vigogo. Endelea hatua moja tu: 2^11 toa 1 ni 2047. Na 2047 ni 23 × 89. Limeandikwa tangu 1536.

Kanuni inakwenda upande mmoja. Kipeo kisipokuwa tasa, jibu haliwezi kuwa tasa. Kipeo kikiwa tasa, *huenda* jibu likawa tasa.

Cataldi wa Bologna aliipata 2^17 toa 1 na 2^19 toa 1 mwaka 1588, kwa kugawanya moja moja, na alikuwa sahihi. Akanogewa. Akatangaza kwamba 23, 29, 31 na 37 nazo zinatoa namba tasa. Mwaka 1640 Fermat akaonyesha kwamba ya 23 inagawanyika kwa 47 na ya 37 inagawanyika kwa 223. Baadaye Euler akaimaliza ya 29, inagawanyika kwa 233. Katika nne alizobahatisha ikasimama moja tu, ya 31. Naye mtawa wa Kifaransa, Mersenne, akatoa orodha yake mwaka 1644 mpaka kipeo 257, ndiyo maana namba za aina hii zina jina lake hadi leo. Orodha ile ilikuwa na makosa matano: aliweka 67 na 257 ambazo hazimo, akasahau 61, 89 na 107.

Kwa hiyo kabla ya Euler watu walikuwa wanasema tu kwamba hii ni tasa. Kusema ni bure.

#8 Kipeuo

Mwalimu nimekupata. Lakini mtu asiyeona aligawanyaje bilioni mbili kwa kila kitu? Hata ukiishia kwenye kipeuo cha pili, yaani 46,340, bado kuna namba tasa karibu 4,800 za kujaribu.

#9 Mwalimu wa Zamu

Hilo ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Chukua kalamu.

Tuseme kuna namba tasa q inayogawanya 2^31 toa 1 bila baki. Maana yake ukigawanya 2^31 kwa q unabaki na 1. Sasa andika vipeo vya 2 mmoja baada ya mwingine, lakini kila mara bakiza baki tu: 1, 2, 4, 8... Ni kama daladala inayozunguka. Imetoka stendi (1), imepita vituo, na baada ya hatua 31 iko stendi tena.

Je, inawezekana ilipita stendi kabla ya hapo? Kama mzunguko ni mfupi zaidi, lazima urefu wake uigawanye 31 sawasawa. Lakini 31 ni tasa. Kwa hiyo mzunguko ni hatua 31 kamili.

Fermat naye ana kanuni yake: baada ya hatua q toa 1, daladala lazima iwe stendi. Kwa hiyo q toa 1 ni mizunguko kamili, yaani inagawanyika kwa 31. Na kwa kuwa q ni witiri, q toa 1 ni shufwa. Inagawanyika kwa 62.

Umeona? Kigawo chochote lazima kiwe 62 mara kitu, jumlisha 1. Namba 3, 7, 11 na 13 alizohangaika nazo Kipeuo hazikuwa hata na tiketi ya kuingia uwanjani.

Jaribu kwenye 2047. Kipeo ni 11, kwa hiyo kigawo kiwe 22 mara kitu jumlisha 1. Cha kwanza ni 23. Umemaliza, hukutumia hata nusu dakika. Na ile 233 ya kipeo 29 je? 58 × 4 + 1. Haikutoka hewani.

Kuna chujio la pili. 2^31 inabakiza 1, kwa hiyo 2^32 inabakiza 2. Lakini 2^32 ni 65,536 × 65,536. Yaani mbele ya q, 2 inajifanya ni kipeo cha pili cha namba nzima, na hilo hutokea tu kama q ikigawanywa kwa 8 inabakiza 1 au 7. Ukiunganisha machujio mawili, zinabaki namba za sura mbili tu: 248 mara kitu jumlisha 1, na 248 mara kitu jumlisha 63.

Mpaka 46,340 hizo ni 373. Na nyingi ukizitazama tu unaona si tasa, unazitupa. Kutoka 4,800 mpaka hapo, tena bila kugawanya chochote. Mimi nikilifundisha hili huwa natamani nirudi kuwa mwanafunzi nilisikie mara ya kwanza.

#10 Nyanya Chungu

Ile daladala imenimaliza. Miaka yote nilijua KDS na KKS tu, nikamaliza shule nikasema asante Mungu.

#11 Bodaboda wa Mbagala

Sawa mwalimu, tumekuelewa. Ila bado nauliza kilekile: inasaidia nini? Naweza kuilipia mafuta?

#12 Mwalimu wa Zamu

Bodaboda, una mwenzako Mwingereza. Mwaka 1811 Peter Barlow aliizungumzia namba kamilifu inayotokana na hii tasa yetu. Namba kamilifu ni ile ambayo vigawo vyake vidogo ukivijumlisha unaipata yenyewe: 6 ni 1 + 2 + 3, 28 ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Yetu inazaa 2,305,843,008,139,952,128, tarakimu 19. Barlow akaandika kwamba hiyo ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kupatikana, kwa sababu namba hizi ni za kushangaza tu, hazina faida, hivyo hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine.

Wamejisumbua. Oktoba 2024 ilitangazwa tasa ya aina hiihii yenye kipeo 136,279,841. Ukiiandika yote ni tarakimu 41,024,320.

#13 Bit Moja

Faida ipo, tena Bodaboda pengine anaitumia bila kujua. Umewahi kucheza gemu la kurusha dadu au la karata kwenye simu? Kompyuta haijui kubahatisha. Inahitaji kanuni ya kutoa namba zinazoonekana kama za bahati.

Park na Miller mwaka 1988 walipendekeza hii, nayo ilitumika sana: chukua namba yoyote ya kuanzia, zidisha kwa 16,807, gawanya kwa 2,147,483,647, chukua baki. Baki hiyo ndiyo namba yako ya bahati, na ndiyo unayozidisha tena. Ukianza na 1:

16807
282475249
1622650073
984943658
1144108930

Nani atakisia inayofuata? 16,807 ni 7 kwa kipeo cha 5. Na kwa kuwa 2,147,483,647 ni tasa na 7 imechaguliwa vizuri, kanuni inapita *kila* namba kuanzia 1 mpaka 2,147,483,646, kila moja mara moja tu, ndipo irudi mwanzo. Ile daladala ya mwalimu, lakini hii inapita vituo vyote vya mji. Ungeweka kikomo kisicho tasa, kuna vituo isingefika kabisa. (Siku hizi zipo kanuni bora zaidi, na kwa mambo ya siri au fedha msiiguse hii.)

#14 Jirani wa Kilifi

Ngoja. Basi kikomo cha kompyuta kuwa nambari tasa kilipangwa?

#15 Bit Moja

Hapana, bahati tupu. Angalia vikomo vingine. Biti 8: swichi 7 za thamani, 127, tasa. Biti 16: swichi 15, 32,767, ambayo ni 7 × 31 × 151. Biti 32: hii yetu, tasa. Biti 64: swichi 63, ile ya YouTube, inagawanyika kwa 7 mara mbili, na kwa 73, 127, 337 na nyingine kubwa mbili. 15 na 63 si tasa, kwa hiyo hazikuwa na tumaini. Biti 128 inarudi kuwa tasa: 2^127 toa 1, aliithibitisha Lucas mwaka 1876.

Na angalieni ngazi hii: 2^5 toa 1 ni 31. 2^31 toa 1 ni yetu. Tasa juu ya tasa. Ukipanda tena, 2^2,147,483,647 toa 1, unapata namba ndefu ya kutisha, na hiyo si tasa. Kigawo chake kilipatikana 1983: 295,257,526,626,031.

#16 Kipeuo

Wakuu nimejifungia na hii namba tangu jana, mke wangu ananiangalia tu. Nimepata kitu.

Mwalimu alisema habari ya kubakiza 7 ukigawanya kwa 8. Namba yetu yenyewe inabakiza 7. Namba za hivyo hauwezi kuzipata kwa kujumlisha vipeo vya pili viwili, wala vitatu. Lazima vinne. Nikaanza kutafuta hivyo vinne kwa kikokotoo cha simu. Nilianza na kikubwa kabisa, 46,340, ikakwama: kilichobaki nacho kinabakiza 7 kwa 8, kwa hiyo nacho kinadai vinne vyake. Nikashuka hatua moja:

46,339 × 46,339 = 2,147,302,921
425 × 425 = 180,625
10 × 10 = 100
1 × 1 = 1

Jumlisheni wenyewe.

#17 Nyanya Chungu

Nimejumlisha. 2,147,483,647 kweli. Mkuu hebu kalale.

#18 Jirani wa Kilifi

Kuna moja hamjaitaja. Kompyuta nyingi huhesabu muda kwa sekunde kuanzia 1 Januari 1970. Zile za biti 32 zitajaa sekunde ya 2,147,483,647. Nimeigawanya: ni siku 24,855, saa 3, dakika 14 na sekunde 7. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki ni Jumanne 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi, sekunde ya 7. Sekunde inayofuata, kifaa ambacho hakijabadilishwa kitaamini ni Desemba 1901.

#19 Kipeuo

Jirani usinitishe, ile programu ya SACCOS bado inafanya kazi. Na tarehe za mikopo... ngoja nikaangalie.

#20 Kipeuo

Nimeangalia. Tarehe nilizihifadhi kwa biti 32. Mikopo mirefu ya viwanja tarehe zake za mwisho zinavuka 2038. Kesho naenda kwa mama. Safari hii nakala ya akiba nimeshachukua, tena mbili.

#21 Bodaboda wa Mbagala

Mwalimu, niko kijiweni hapa abiria hakuna. Hiyo namba ya kwanza ya kugawanya ni ipi? Ile ya sura mbili.

#22 Mwalimu wa Zamu

63 si tasa, ruka. 249 ni 3 × 83, ruka. Anza na 311.

#23 Bodaboda wa Mbagala

6,905,092 inabaki 35. Haikubali. Inayofuata?

#24 Mwalimu wa Zamu

497, 559, 745, 807, 993, 1055 na 1241 zote si tasa, hakiki mwenyewe usiniamini. Inayofuata ni 1303.

#25 Bodaboda wa Mbagala

Baki 226. Naona abiria. Narudi.